Kinyonga wetu anawakataa nyenje, na ulimi haufiki

Assalaam alaykum,

Mwanangu wa miaka 14 ana kinyonga wa Yemeni anayemwita Sultani. Tulimnunua hapa Leicester akiwa na miezi mitatu, sasa ana miezi kumi. Muuzaji alituambia ni mnyama rahisi: nyenje kila siku, maji ya kunyunyiza, basi. Tukafuata. Kila asubuhi anapewa nyenje wa kahawia kumi hadi kumi na watano, wale wanaouzwa kwenye vikopo, na jioni funza wa unga wachache kwa sababu anawapenda. Nyenje wenyewe tunawawekea kipande cha karoti, na siku nikipika mchicha wanapata majani yanayobaki. Tuna poda ya vitamini tunayoinyunyiza tukikumbuka, pengine mara moja kwa wiki mbili. Taa zilikuja na kizimba, tulichokinunua kwa mtu aliyekuwa akifuga mjusi: moja ya joto na moja ndefu ya UVB, ile miale isiyoonekana kama ya jua. Zote zinawaka vizuri.

Wiki mbili hizi mambo yamebadilika. Anamtazama nyenje kwa jicho moja, kisha anageuka. Akirusha ulimi, unatoka nusu na kuanguka kabla ya kufika. Zamani alishinda juu karibu na taa, siku hizi anashuka mpaka chini na kukwangua pembeni. Rangi imekuwa kijani cheusi chenye madoa ya samawati na manjano. Tumbo limejaa ingawa hali. Mwanangu anaogopa kwamba anakufa, nami sijui nianzie wapi. Nimbadilishie mdudu? Nimlishe kwa nguvu? Nimetuma picha tatu.

Mama Idrisa, Leicester

*

Waalaykum salaam Mama Idrisa, na umsalimie kijana. Kwetu kinyonga ni mnyama ambaye watoto wengi hufundishwa kumkimbia au kumpiga mawe, hivyo inafurahisha kusikia nyumba ambayo mtoto anamlilia.

Kwanza, msimlishe kwa nguvu. Taya la kinyonga aliyepungukiwa kalsiamu huwa laini, na mtu akilipanua kwa vidole anaweza kulivunja. Pili, pigeni simu leo kwa daktari wa wanyama, na muulize waziwazi kama anatibu reptilia, maana wengi hutibu mbwa na paka tu. Mwambieni maneno haya mawili: ulimi haufiki, na kuna mayai.

Ndiyo, mayai. Kwenye picha ya pili kisigino cha mguu wa nyuma kinaonekana laini kabisa. Dume wa kinyonga wa Yemeni huzaliwa na kijinundu nyuma ya kisigino hicho, na jike hana. Sultani ni jike. Rangi ya kijani cheusi yenye madoa ya samawati na manjano, tumbo kujaa, kuacha kula na kushuka chini kukwangua ni dalili za jike anayetafuta pa kutaga. Hahitaji dume ili apate mayai, kama vile kuku wa mayai asivyohitaji jogoo. Mayai hayo hayataanguliwa, lakini lazima yatoke. Akikosa mahali pa kuchimba huweza kuyazuia tumboni mpaka yakamuua.

Basi kabla ya kununua mdudu yeyote, tafuteni ndoo au beseni lenye kina cha sentimita 30 au zaidi, na upana usiopungua sentimita 30 kila upande. Lijazeni mchanga uliooshwa uliochanganywa na udongo usio na mbolea. Tieni maji mpaka mkichoma shimo kwa kidole lisimame bila kubomoka, ila yasituame chini. Liwekeni ndani ya kizimba, kisha funikeni kizimba kwa shuka upande ambao watu hupita. Jike akikuona unamtazama wakati anachimba, huacha shimo na pengine asirudi. Hapo kijana atajikaza, achungulie kwa mbali tu. Akichimba siku mbili bila kutaga, au akikaa chini macho yamefumba mchana, si suala la kusubiri tena: ni kwa daktari siku hiyohiyo. Eksirei itaonyesha mayai na pia hali ya mifupa.

Sasa ulimi. Ulimi wa kinyonga hurushwa na misuli, na misuli haikazi sawasawa damu ikiwa na kalsiamu pungufu. Ndiyo maana mara nyingi ulimi huonyesha upungufu mapema, kabla miguu haijapinda. Ukosefu wa maji, jeraha au upungufu wa vitamini A pia vinaweza kuuharibu, na daktari atavitenganisha. Lakini kwa maelezo yako kalsiamu ndiyo mshukiwa wa kwanza, tena kwa jike anayehitaji kalsiamu ya ziada kutengenezea maganda ya mayai. Nyenje wamekuwapo kila siku. Kalsiamu haikuwapo.

Nyenje wa dukani ana fosforasi karibu mara saba ya kalsiamu. Funza wa unga ni mbaya zaidi, fosforasi yake ni zaidi ya mara kumi na tano ya kalsiamu. Mwili wa mjusi unataka kinyume chake: kalsiamu iwe mara moja na nusu hadi mbili ya fosforasi. Chakula kikija kimepinduka hivyo, mwili huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa ili damu isipungukiwe. Mnyama anaonekana ameshiba na anakua, huku mifupa inalainika ndani kwa ndani. Kwa hiyo swali la "nimpe mdudu gani" ni la pili. La kwanza ni huyo mdudu amekula nini, na amepakwa nini.

Chakula cha nyenje. Nyenje wa kwenye kikopo amekaa siku kadhaa akila karatasi na wenzake waliokufa. Ukimtoa pale moja kwa moja kumpa kinyonga, umempa ganda. Wahamishieni kwenye sanduku la plastiki la lita 20 hivi, lenye matundu yaliyozibwa kwa wavu wa chuma (wa nailoni huutafuna), na ndani msimamishe vipande vya trei za mayai ili wapate pa kujificha. Sehemu iwe kavu na yenye joto la chumba. Walishwe vizuri saa 24 hadi 48 kabla ya kuliwa, maana kinachomfikia kinyonga ni kile kilichomo tumboni mwa mdudu wakati huo, na kikikaa sana hutoka.

Mboga ya msingi unaijua: sukuma wiki. Ina kalsiamu nyingi na oksaleti kidogo. Hapo Uingereza yale majani ya kabichi isiyofunga yanatosha badala yake. Mchicha, Mama Idrisa, uache kwa ajili ya meza yenu. Una kalsiamu, lakini una oksaleti nyingi inayoishika kalsiamu hiyo ili isifyonzwe, na spinachi iko hivyo hivyo. Kisamvu kibichi kisiingie kabisa kwenye sanduku, kina sumu ya sianidi ambayo kwetu huondolewa kwa kutwanga na kupika. Parachichi pia hapana.

Kwa nyenje hamsini, weka kila siku konzi moja ya sukuma wiki iliyokatwakatwa, vipande viwili vya kiazi kitamu cha njano au boga, kila kimoja kama kidole gumba, na kipande kidogo cha papai au chungwa kwa ajili ya maji. Ukiwa na unga wa majani ya mlonge, nyunyiza kijiko kimoja cha chai juu ya mboga. Karoti si mbaya, ila peke yake haina kalsiamu ya maana. Asubuhi ondoa mabaki yote, kwa sababu ukungu ndio unaoua nyenje sandukuni kuliko njaa. Usitumie chakula cha mbwa wala cha paka hata ukiambiwa kinanenepesha wadudu haraka. Protini nyingi, hasa kwa mnyama asiyekunywa maji ya kutosha, huleta jongo, na kinyonga mwenye jongo huteseka sana viungoni.

Poda mnahitaji mbili au tatu, si moja ya "tukikumbuka". Ya kwanza ni kalsiamu tupu, isiyo na fosforasi wala vitamini D3, na hiyo hutumika kila mlo. Ya pili ni kalsiamu yenye D3, mara mbili kwa mwezi. Ya tatu ni vitamini mchanganyiko yenye vitamini A iliyo tayari kutumiwa na mwili, nayo mara mbili kwa mwezi kwa wiki zisizo za D3. Tia tarehe kwenye kalenda ya jikoni: tarehe 1 na 15 D3, tarehe 8 na 22 vitamini, siku nyingine zote za kulisha ni kalsiamu tupu. Ikiwa poda mnayoipata ina D3 na vitamini kwa pamoja, basi hiyo moja mara mbili kwa mwezi yatosha. Soma lebo, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanaopenda wanyama wao hukosea kwa kuzidisha. D3 ikizidi, kalsiamu huganda kwenye figo na mishipa. Vitamini A ikizidi, shingo huvimba maji na D3 huzuiwa kufanya kazi yake.

Namna ya kupaka: weka wadudu wa mlo huo kwenye mfuko au kikombe kirefu, tia poda kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili, tikisa polepole, kisha pukuta. Mdudu aonekane kama samaki aliyepakwa unga mwepesi kabla ya kukaangwa. Akiwa mweupe pepepe, kinyonga atamkataa na poda itamwingia machoni. Mpeni palepale, kwani nyenje hujisafisha na baada ya muda mfupi poda imeisha. Kopo likishafunguliwa andika tarehe, na baada ya miezi sita nunua jingine. Lisikae juu ya kizimba penye joto na unyevu.

Poda zote hizo hazitafanya kazi kama taa ni bovu, na ya kwenu tunaishuku sana. Taa ya UVB inaweza kuendelea kung'aa kwa macho miaka mingi huku miale yenyewe imekwisha. Bila miale hiyo ngozi haitengenezi D3, na bila D3 utumbo haufyonzi kalsiamu. Nunueni mpya ya mrija aina ya T5 yenye UVB ya asilimia 5 au 6, iwekwe sentimita 20 hivi juu ya mgongo wake anapoota joto, bila kioo wala plastiki katikati, iwake saa 12 kwa siku, ibadilishwe kila mwaka. Kioo huzuia karibu UVB yote, kwa hiyo jua la dirishani halihesabiki. Taa ya joto ipime kwa kipimajoto: kwa jike lenu nyuzi 27 hadi 28 pale anapoota. Akiwa baridi chakula hakimeng'enywi, akipata joto kubwa anazidisha mayai.

Sasa tuje kwenye aina za wadudu, na hapa kijana wako atafurahi. Kinyonga huchoka na kitu kimoja. Hata mzima kabisa anaweza kugoma wiki nzima kwa sababu ya kuona nyenje yuleyule, kisha ukimletea panzi anafyatuka. Lakini sababu kubwa ya kubadilisha ni kwamba kila mdudu ana pengo lake, na pengo la mmoja huzibwa na mwingine.

Nyenje abaki kuwa ugali wake, pamoja na mende wa dubia wanaofugwa na nzige wadogo, ambao Uingereza huuzwa kwa ukubwa tofauti. Juu ya hao ongeza mabuu ya nzi askari mweusi, wale wale ambao huku nyumbani wanafugwa kwa ajili ya kuku na samaki. Hao ndio wadudu wachache ambao kwa asili kalsiamu yao inazidi fosforasi, tena kwa zaidi ya mara mbili. Viwavi vya hariri, wanaolishwa majani ya mforosadi, wana mafuta kidogo sana na ni laini. Viwavi vya kijani vikubwa vya nondo wa tumbaku ni maji zaidi ya asilimia 80, vinafaa sana kwa mnyama aliyekauka au aliyetoka kutaga. Wote hao watapakwa kalsiamu, isipokuwa mabuu ya nzi askari.

Viwavi vya nta, wale wanaokula masega ya nyuki, ni karibu robo nzima mafuta. Wafanye kama halua: mmoja au wawili kwa mwezi, au wakati wa kumshawishi mgonjwa afungue mdomo. Funza wa unga waondoeni kwenye ratiba ya kila jioni. Mmoja mmoja si sumu, ila mazoea yenu ndiyo yaliyomfanya adharau vingine.

Ukubwa: mdudu asizidi nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya kinyonga.

Msiokote wadudu bustanini bila kujua jirani amepulizia nini. Na kimulimuli asiingie kizimbani hata siku moja, wachache tu wanaweza kumuua mjusi. Viwavi na kunguni wa majani wenye rangi kali nao waachwe, maana rangi hiyo mara nyingi ni tangazo la sumu.

Kinyonga wa Yemeni hula majani pia, jambo ambalo vinyonga wengi hawalifanyi. Mpandie hibiskasi kizimbani, ale maua na majani. Waweza kumning'inizia kipande cha sukuma wiki, pilipili hoho au papai. Mmea mpya kutoka dukani uoshwe majani yote na ubadilishwe udongo, kwa sababu ya dawa na zile punje za mbolea ambazo huzila.

Kiasi. Hili ni gumu kwa mama kulisikia, ila mmemlisha kupita kiasi, na ndiyo maana mayai yamekuja mengi. Mwili wa jike wa aina hii hugeuza chakula cha ziada na joto la ziada kuwa mayai. Aliyeshibishwa sana anaweza kutaga zaidi ya sitini kwa mkupuo na kurudia tena baada ya miezi michache, na kila mkupuo unamla mifupa. Jike lililokwisha kukua litosheke na wadudu watatu au wanne, siku tatu kwa wiki. Kwa mfano Jumatatu nyenje wanne, Jumatano nzige mmoja na mende wawili, Ijumaa mabuu matatu madogo ya nzi askari na kiwavi kimoja cha hariri, wiki inayofuata mpange upya. Atakutazama kama anaomba. Usimwonee huruma kwa mkono. Wasomaji wenye dume mzima wahesabu watano hadi saba kila baada ya siku moja, na mtoto wa chini ya miezi sita alishwe kila siku wadudu wadogo kumi au zaidi, kwa kuwa huyo bado anajenga mifupa.

Mlisheni asubuhi, saa moja au mbili baada ya taa kuwaka, ili apate joto la mchana la kumeng'enya. Kwa sasa ulimi ni dhaifu, msiachie nyenje wakimbie. Chukueni kikombe kisichopitisha mwanga chenye kuta laini, kifungeni kwenye tawi lake sentimita kumi mbele yake, mdudu akae ndani bila kuweza kupanda. Asiyeliwa atolewe kabla ya taa kuzimwa, maana nyenje mwenye njaa humng'ata kinyonga aliyelala.

Maji hanywi kwenye bakuli. Anaramba matone juu ya majani. Nyunyizeni dakika mbili nzima, asubuhi na jioni, na mchana mtoboe chupa kitundu cha sindano idondoke polepole juu ya mmea kwa nusu saa. Mtaangalia choo chake: ile sehemu ngumu ya mkojo iwe nyeupe. Ikiwa ya machungwa tupu, na macho yamezama, hanywi vya kutosha.

Akishataga atashuka uzito na kuonekana amechakaa. Hapo, na hapo tu, mpeni kila siku kwa siku tatu: maji kwanza, kisha viwavi vya kijani, mabuu ya nzi askari, nyenje walioshiba sukuma wiki. Siku ya nne rudini kwenye ratiba. Toeni mayai yote mchangani, lakini beseni libaki kizimbani, atalihitaji tena.

Kijana apime uzito kila Ijumaa kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, aandike kwenye daftari pamoja na alichokula na poda iliyotumika. Majike wengi wazima huwa kati ya gramu 80 na 120. Daftari hilo alichukue kwa daktari kila safari, pamoja na makopo ya poda yenyewe ili lebo zisomwe.